Kranki haivunjiki kwa siku moja

*Malori yanayobeba shaba ya Katanga yana kifaa kimoja kinachozeeka bila kuonyesha dalili: dampa ya injini. Ikiisha umri wake na isibadilishwe, mwenye lori hupoteza mtaji, dereva hupoteza kazi, na barabara hupata hatari nyingine.*

LUBUMBASHI. Kranki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inapovunjika na kutolewa kwenye lori na kulazwa sakafuni, ubishi huanza kabla fundi hajanawa mikono. Mwenye lori humgeukia dereva: umezidisha mbio, umezidisha mzigo, au umeacha oili ikauke. Dereva hujibu kwamba alikuwa anapanda taratibu, injini ikatoa mlio mmoja mzito, ikazima. Muuza vipuri hulaumu oili. Fundi aliyefungua injini mara ya mwisho hulaumu kipuri.

Mara nyingi kila mmoja huondoka na hasira yake, na anayelipa ni yule mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Wakati wote huo shahidi yupo palepale, bado amefungwa kwenye ncha ya mbele ya kranki. Ni duara zito la chuma, limejaa vumbi na grisi, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni sehemu ya puli tu. Hiyo ndiyo dampa. Kazi yake ni kuzuia kranki isijisokote mpaka ichoke. Ikishindwa kazi hiyo, chuma huanza kupata ufa, na ufa hukua kwa miezi kabla ya siku ya mlio.

Katika jiji linaloishi kwa malori, kifaa hiki kinastahili kuzungumzwa kwa uzito kama tairi na breki.

Kazi ya duara la mbele

Injini nyingi za malori makubwa zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Katika kila mzunguko wa kranki, silinda tatu huwaka. Kila inayowaka huisukuma kranki kwa nguvu ya ghafla.

Lori likitembea kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, kranki hupokea misukumo 75 kila sekunde. Kwa saa moja ni 270,000. Safari ya saa mbili kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hadi Lubumbashi, kilomita 90 hivi, ni zaidi ya nusu milioni.

Kranki ni chuma kigumu, lakini si kigumu kiasi cha kutosokoteka. Kila msukumo huufanya upande wa mbele utangulie au uchelewe kuliko upande wa nyuma, wa flaiwili, kwa sehemu ndogo ya digrii, kisha hujirudi, kama nguo inayokamuliwa na kuachiwa.

Mchezo huo mdogo ungekuwa hauna madhara kama ungefifia wenyewe. Tatizo ni kwamba kila kranki ina mtikisiko wake wa asili, kulingana na uzito na ugumu wake. Misukumo ya silinda ikiangukia kwenye mdundo huohuo, mtikisiko hujilimbikiza badala ya kupungua. Hapo ndipo chuma kizuri kinapokatika bila kugongwa na kitu chochote.

Tatizo hili si geni. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alibuni dampa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati injini ndefu za silinda sita zilipokuwa zikivunja kranki zake. Tangu hapo, injini nzito inayotoka kiwandani huwa na dampa iliyopimwa kwa ajili ya kranki yake.

Dampa za malori kwa kawaida ni za aina mbili. Ya mpira ina kitovu kilichofungwa kwenye kranki, pete nzito nje, na mpira katikati yao. Ya silikoni, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye injini kubwa za malori, ni sanduku la duara lililozibwa kabisa. Ndani yake kuna pete nzito inayoelea katika silikoni nzito sana.

Kranki ikitikisika, sanduku hutikisika nayo. Pete ya ndani, kwa sababu ya uzito wake, hutaka kuendelea na mwendo wake uleule. Silikoni iliyobanwa katika nafasi finyu kati ya viwili hivyo husagwa, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto linalotoka hewani.

Kifaa kinachofanya kazi kwa kusaga kioevu chake chenyewe hakiwezi kudumu milele. Miaka ikipita, silikoni hubadilika, huwa nzito zaidi, na mwisho huganda. Pete hushikamana na sanduku. Tangu siku hiyo dampa ni mzigo wa chuma tu kwenye ncha ya kranki, na mzigo huo hushusha mtikisiko wa asili wa kranki. Unaweza kuuleta kwenye mizunguko ileile ambayo dereva huitumia kutwa.

Kwa nje hakuna ufa, hakuna uvujaji, hakuna kelele. Lori huendelea kutembea.

> Silikoni ikiganda, dampa haipigi kelele wala haivuji. Lori huendelea kutembea, na kranki huendelea kuchoka.

Barabara ya shaba

Zamani shaba ya Katanga ilikuwa mzigo wa reli. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, mwaka 1910. Kwa miongo mingi shaba ya kampuni ya migodi ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines, ilisafiri kwa mabehewa. Kisha njia ya Benguela kwenda bandari ya Lobito ilikatwa na vita vya Angola tangu 1975, na reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, hapa nyumbani ikadhoofika mwaka baada ya mwaka.

Shaba ikahamia barabarani. Mwaka 2023 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, karibu yote kutoka Haut-Katanga na Lualaba. Kama mzigo huo wote ungepakiwa kwenye malori ya tani 30, zingekuwa safari zaidi ya 80,000 za kwenda tu. Hapo hatujahesabu salfa, asidi, chokaa, mashine na chakula vinavyoingia.

Uzito wa lori pamoja na trela na mzigo kwenye njia za jumuiya za SADC na COMESA hufika tani 56. Kwenda Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000. Kwenda Durban ni mbali zaidi. Katika safari ya Dar kuna mlima Kitonga mkoani Iringa, ambako injini hulia kwa nguvu zake zote kupanda, na hutumiwa kama breki wakati wa kushuka.

Nyumbani Katanga kuna adui wengine. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukoma na vumbi hutawala. Vumbi lililochanganyika na oili inayovuja kwenye sili ya mbele hutengeneza koti zito juu ya dampa, na joto linalopaswa kutoka hubaki ndani. Kwenye dampa ya mpira, oili hiyohiyo huula mpira.

Mazutu yenye maji au uchafu huongeza madhara. Nozeli moja ikiharibika, silinda yake huwaka vibaya, na misukumo haiwi sawa tena. Dampa hubebeshwa mitikisiko ambayo haikupangiwa.

Tena kuna foleni. Kasumbalesa ni mlango mkuu wa mkoa, na malori hukaa hapo kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache, ilionekana wazi jinsi msururu unavyoweza kurefuka. Injini inayonguruma foleni haiongezi kilomita kwenye dashibodi, lakini inaongeza saa za kazi. Anayesoma kilomita peke yake anasoma nusu ya hesabu.

Ni kweli reli inajaribu kurudi. Mwaka 2022 Angola ilitoa idhini ya miaka 30 ya kuendesha njia ya Lobito, na shaba ya Kolwezi imeanza tena kupita huko. Lakini migodi mingi haijakaa kando ya reli, na hata mzigo wa reli hufikishwa stesheni kwa lori. Dampa itabaki kuwa jambo la Katanga kwa muda mrefu.

Ibadilishwe lini?

Hapa ndipo pande zinapogongana.

Upande mmoja wapo wanaobadilisha kwa hesabu. Vibratech TVD, kampuni ya Marekani inayotengeneza dampa za silikoni, hushauri dampa ya lori ibadilishwe kwenye maili 500,000, yaani kama kilomita 800,000, au saa 15,000 za injini, kile kitakachotangulia, na vilevile kila injini inapofanyiwa ovaholi. Hoja yao ni kwamba hali ya silikoni haionekani kwa macho, kwa hiyo kipimo pekee kinachotegemeka ni umri wa kazi.

Upande wa pili wapo wanaosubiri dalili. Wenye malori wengi husema kipuri kisichovuja wala kuyumba hakina sababu ya kutupwa. Wanaongeza swali la haki: anayepanga tarehe ya kubadilisha si ndiye anayeuza?

Swali hilo linastahili jibu. Ni sahihi kumshuku muuzaji. Lakini si watengenezaji wa dampa peke yao wanaosema hivi. Vitabu vya matengenezo vya Cummins, ambao biashara yao ni injini, vinaonya kwamba silikoni ndani ya dampa huganda baada ya kazi ya muda mrefu, na kwamba dampa iliyoacha kufanya kazi inaweza kuleta uharibifu mkubwa wa injini na wa mfumo wote wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Fizikia ya silikoni haimjali anayeuza.

Meli kubwa zina njia ya kati. Baadhi ya dampa zao zina vizibo vya kutolea sampuli ya silikoni ili ipimwe maabara, na mwenye meli huambiwa umri uliobaki. Dampa ya lori imezibwa moja kwa moja, haina mlango wa kuchungulia. Kwa lori, hesabu hubaki kuwa ndiyo dira.

Na hesabu si ngumu. Lori linalokwenda Dar na kurudi mara mbili kwa mwezi hutembea kilomita 8,000 hivi, karibu 96,000 kwa mwaka. Likiwa jipya, litafika kilomita 800,000 baada ya miaka minane na zaidi. Lakini likikaa sana foleni, kiasi kwamba wastani wake ni kilomita 35 kwa kila saa ya injini, saa 15,000 zitatimia kwenye kilomita 525,000. Tofauti hiyo ni karibu miaka mitatu.

Sasa chukua lori lililonunuliwa mkononi, lililokwisha kufanya kazi Ulaya, Marekani au Afrika Kusini. Likifika Lubumbashi na kilomita 700,000 na dampa yake ya kwanza, limebakiwa na mwaka mmoja wa matumaini. Kama mita ya kilomita imerudishwa nyuma njiani, halina hata huo.

> Anayesoma kilomita peke yake anasoma nusu ya hesabu: saa za foleni nazo ni umri wa dampa.

Hoja ya mwenye malori mawili

Kampuni kubwa za uchukuzi zina karakana, ghala la vipuri na kompyuta inayokumbusha tarehe. Kwao kubadilisha dampa ni mstari mmoja kwenye ratiba.

Mambo ni tofauti kwa Mkongomani mwenye malori mawili au matatu. Sheria ya 2017 kuhusu ukandarasi mdogo imefungua mlango kwa kampuni za wenyeji kupata kazi za migodi, na wengi wameingia kwenye uchukuzi kwa mtaji wa familia au wa mkopo. Hununua lori kuukuu kwa sababu jipya haliwezekani. Hulipwa baada ya muda mrefu, huku mazutu, ushuru wa barabara na posho ya dereva vikidaiwa leo.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia atoe mamia ya dola kununua kipuri badala ya kile ambacho bado kinazunguka, anakusikia kama mtu usiyejua shida zake. Lori likilala karakana siku moja, ni safari imechelewa na mteja amekasirika.

Hoja yake ni nzito, na kumdharau hakusaidii. Lakini hesabu yake ina shimo. Dampa huuzwa kwa mamia ya dola. Kranki, beringi, kazi ya kufungua injini yote na kuvutwa kutoka porini huenda kwenye maelfu, na mara nyingine bloku nayo hupasuka, ikawa ni kutafuta injini nyingine. Kazi ya dampa huchukua saa kadhaa: kutoa mikanda, feni, mara nyingine na rejeta. Injini iliyovunjika kranki hulala wiki nyingi.

Kwa mwenye malori mawili, kupoteza moja kwa mwezi mzima ni kupoteza nusu ya kampuni. Kwa hiyo yeye ndiye anayehitaji ratiba kuliko mwenye malori mia.

Wenye malori wadogo wana njia wanayoweza kuitumia pamoja. Wakiagiza kwa kundi, wenye injini za aina moja wanaweza kupata bei nzuri na kipuri kinachotoka kwa muuzaji anayejulikana. Kadhalika wanaweza kubadilisha dampa siku lori linapolala kwa sababu nyingine, kama kubadilisha pampu ya maji au sili ya mbele. Kazi ya kufungua ni ileile, na siku haipotei mara mbili.

Kufanana si kuwa sawa

Anayeamua kubadilisha hukutana na mtihani mwingine sokoni. Kuna dampa mpya ya kampuni inayojulikana, kuna mpya isiyojulikana imetoka wapi, na kuna ile iliyofunguliwa kwenye lori bovu, imesuguliwa na kupakwa rangi nyeusi.

Ya tatu ndiyo mtego mkubwa. Kununua dampa iliyotumika ni kununua umri usiojulikana wa kitu ambacho thamani yake yote ni umri. Rangi mpya huficha nyufa, mabonyeo na alama za uvujaji.

Ya pili nayo ina hatari yake. Matundu ya bolti yanaweza kulingana, kipenyo kikalingana, na bado dampa isifae. Kila dampa hupimwa uzito wa pete na ulaini wa mpira au silikoni kwa ajili ya kranki fulani. Hata injini za jina moja zenye nguvu tofauti zinaweza kuhitaji dampa tofauti. Kwa hiyo namba ya kipuri hutafutwa kwa namba ya injini, na kipuri cha zamani hakitoshi kuwa kielelezo, maana huenda nacho kilifungwa kwa kukosea.

Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, iliyoanzishwa 1974, ina jukumu la kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Vipuri vya usalama wa injini na breki vinastahili jicho kali zaidi mpakani. Lakini mnunuzi asingoje ofisi imlinde peke yake. Adai risiti yenye namba ya kipuri na jina la muuzaji. Muuzaji anayekataa kuandika ameshajibu swali.

Lawama zinapomwangukia dereva

Kuna gharama isiyoandikwa kwenye ankara. Kranki ikikatika, dereva ndiye aliyekuwa kwenye usukani, na lawama humfuata. Wapo wanaokatwa mshahara, wapo wanaofukuzwa. Mtu anabeba hatia ya ufa ulioanza kabla hajakabidhiwa ufunguo.

Chuma kilichovunjika kinasomeka, na fundi makini anaweza kukisoma kabla ya mtu kuhukumiwa. Ufa uliotokana na kusokotwa kwa kawaida huenda mshazari, karibu nyuzi 45 kutoka kwenye mhimili wa kranki. Ule wa kupindwa huelekea kukata moja kwa moja.

Uso wa mvunjiko nao husema. Chuma kilichochoka taratibu huacha mistari laini ya mawimbi, ikionyesha ufa ulivyokua hatua kwa hatua, na mwisho huwa na sehemu yenye chembe mbaya pale kilipokatika ghafla. Mawimbi hayo ni ushahidi kwamba kosa halikutendeka siku ileile.

Kama ni oili iliyoisha, beringi zitaonyesha: zimeungua, zimebadilika rangi, zimejisaga. Beringi zikiwa safi na kranki imekatika mshazari, swali liende kwenye dampa kwanza.

Haki inadai tuseme pia kwamba dampa si mkosaji pekee. Kranki iliyochongwa upya karakana bila kurudishiwa mviringo wa kona zake huanza ufa kwenye kona hizo. Bolti zilizokazwa bila kipimo hulegea. Dereva anayeachia injini ipite mizunguko yake kwenye mteremko naye hutesa kranki. Kinachotakiwa ni uchunguzi kabla ya hukumu.

> Mistari ya mawimbi kwenye chuma kilichokatika ni ushahidi kwamba kosa halikutendeka siku ileile.

Na dereva si mtu wa kulaumiwa tu, ni mtu wa kusikilizwa. Yeye ndiye wa kwanza kuhisi mtetemo mpya kwenye usukani na sakafu kwa mizunguko fulani. Ndiye anayejua kwamba mikanda inakatika kila mara, kwamba kikono cha alteneta kimepasuka mara ya pili, kwamba pampu ya maji haidumu, kwamba bolti za mbele zinalegea. Kila moja ya hizo hutengenezwa peke yake na kusahauliwa. Zikiandikwa kwenye karatasi moja, zinaelekeza mahali pamoja.

Usalama wa wengine nao umo. Lori lililokufa kwenye barabara isiyo na bega, usiku, likiwa na matawi ya miti nyuma yake badala ya taa, ni hatari kwa kila anayekuja. Februari 2019, lori la asidi ya salfa lililokuwa likielekea mgodi wa Mutanda liligongana na magari mengine, likiwemo basi, na watu wasiopungua 18 walikufa. Ajali hiyo ilitukumbusha barabara hii inabeba nini. Kila lori linalozuiwa kukwama ni kikwazo kimoja pungufu mbele ya basi la abiria.

Ukaguzi usiohitaji maabara

Kuna vipimo vinavyowezekana katika garaji yoyote ya Lubumbashi.

Kwa dampa ya mpira, tazama mstari uliochorwa kiwandani kwenye kitovu na kwenye pete. Mistari hiyo hulingana dampa ikiwa nzima. Kwa vipimo vya Cummins, ikipishana zaidi ya milimita 1.59, dampa imeteleza na inabadilishwa. Angalia pia mpira uliochomoza, uliopasuka au uliolowa oili.

Kwa dampa ya silikoni, isafishe kwanza, kisha tafuta uvujaji, bonyeo na mahali palipovimba. Bonyeo dogo tu kwenye sanduku linatosha kuziba ile nafasi finyu na kuikamata pete. Pima unene wake sehemu nne karibu na ukingo. Kwa vipimo vya Cummins, tofauti ikizidi milimita 0.25, iondoe. Mafundi wenye tanuri huipasha joto la nyuzi 93 kwa saa mbili, wakiwa wameipulizia unga wa kugundua nyufa, ili uvujaji uliojificha ujitokeze.

Mambo ya kuepuka yanafahamika pia: usiipige nyundo wakati wa kuitoa, usiingize mtaimbo kwenye pete yake, usiichomelee, usiitoboe, usiiangushe. Iliyoanguka ichukuliwe kuwa imekufa. Bolti zake zikazwe kwa ufunguo wa kipimo, kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini.

Ukaguzi huu wote hugundua dampa iliyoharibika kwa nje. Haugundui silikoni iliyoganda ndani ya sanduku zuri. Ndiyo maana ukaguzi na hesabu haviwezi kubadilishana nafasi: kimoja hufanyika kila huduma, kingine huamua siku ya kustaafu.

Nani abebe wajibu?

Mwenye lori aanze na kadi moja kwa kila injini: dampa ilifungwa lini, kwenye kilomita ngapi, saa ngapi, namba gani. Aliyenunua lori bila historia ahesabu dampa yake kuwa imekwisha, aibadilishe, na aanze kuhesabu toka siku hiyo. Anayefanya ovaholi asirudishe dampa ya zamani kwenye injini mpya. Kuokoa mamia ya dola pale, baada ya kutumia maelfu, ni kuipanda hasara kwa mikono yake.

Shule zina nafasi. Lubumbashi ina bahati ya kuwa na elimu ya ufundi yenye mizizi mirefu. Wasalesiani walifika mwaka 1911 na wanafundisha ufundi hadi leo, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uhandisi. Kijana anayehitimu umakanika hapa anapaswa kutoka akijua kusoma kranki iliyovunjika, kwa sababu mkoa huu una mengi ya kumsomesha.

Lakini mwenye nguvu kubwa kuliko wote ni yule anayelipia safari. Migodi hukagua matairi, taa na fulana za usalama langoni kabla lori halijapakiwa. Ikiongeza sharti moja kwenye mkataba, kadi ya matengenezo ya injini yenye umri wa dampa, magaraji yote yataanza kuandika ndani ya msimu mmoja. Sharti hilo liende pamoja na malipo yanayofika kwa wakati, maana huwezi kumdai mtu ratiba ya matengenezo huku ukishikilia fedha za kuyalipia.

Na kabla ya dereva yeyote kukatwa mshahara kwa injini iliyovunjika, mwajiri aonyeshe kadi hiyo na maelezo ya fundi aliyesoma mvunjiko. Asipokuwa navyo, hana ushahidi, na gharama ni yake.